Kazi ya Kutengeneza Gemu Hainunuliwi



Katika mkutano wetu wa Itaba, tulipokwisha kuzungumza habari za malipo ya msimu wa kahawa, mzee mmoja mwanachama wetu aliomba neno. Ni mfanyakazi wa kiwanda cha kuoshea kahawa, mtu mtulivu, na kwa kawaida hasemi mengi. Alisimama akaeleza kwamba mtoto wake wa kiume amemaliza shule ya sekondari na anataka kazi ya kutengeneza michezo ya video, ile ambayo vijana wanaiita gemu. Alikuja mtu aliyevaa vizuri, akasema anayo nafasi katika studio moja ya Nairobi. Kwanza zilitakiwa pesa za fomu. Halafu zikatakiwa pesa za kibali. Halafu zikatakiwa pesa za kumwona mkubwa. Mzee aliuza sehemu ya shamba lake. Mtu yule alipokea faranga, akazima simu, na mpaka leo haijawashwa.

Watu walinyamaza kidogo. Kisha wengine wakacheka, wakasema kosa ni la mtoto kutaka kulipwa kwa kucheza. Sisi hatukucheka, maana tuliona kosa liko mahali pengine. Katika watu wote waliokuwa pale, pamoja na sisi viongozi wa sendika, hapakuwa na mmoja aliyejua kazi hiyo inapatikana kwa njia gani. Asiyejua njia humlipa yeyote anayesema anaijua.

Tangu siku ile tumeulizwa jambo hilo hilo na wanachama wa Gitega na wa Muyinga. Kwa hiyo tuliuliza, tukasoma, tukakaa na vijana wanaojua kompyuta wakatufundisha sisi wazee. Haya ndiyo tuliyojifunza. Tunayaandika ili mzazi ayasome pamoja na mtoto wake, kabla hajagusa shamba.

HII NI KAZI GANI?

Kwanza tuondoe dhana kwamba watu hao wanacheza. Gemu ni kitu kinachotengenezwa, kama sabuni au shati linavyotengenezwa. Studio ya gemu ni karakana, na ndani yake kazi imegawanywa kama ilivyogawanywa kiwandani kwetu.

Yuko mbunifu wa mchezo. Huyu hupanga sheria: mchezaji afanye nini, ashinde vipi, ashindwe vipi. Anayejua bao vizuri atamwelewa mara moja. Bao lina mashimo, mbegu na sheria chache tu, lakini mtu hulicheza miaka arobaini bila kulichoka. Kupata sheria za namna hiyo ni kazi ngumu.

Yuko mwandishi wa programu. Huyu huandika maagizo ambayo kompyuta itayafuata, kwa lugha maalumu za kompyuta kama C# na C++. Yuko mchoraji, na yuko mwingine anayeifanya michoro itembee, iruke na kuanguka. Yuko fundi wa sauti na muziki. Yuko mwandishi wa hadithi na maneno, na pengine mfasiri. Yuko msimamizi anayepanga siku na pesa.

Mwisho yuko mjaribu. Huyu hucheza gemu makusudi ili atafute makosa, na kila kosa analiandika: limetokea wapi, baada ya kubonyeza nini, na kama linarudi ukifanya vile vile tena. Mama zetu wanaochambua kahawa kwa mkono wanaijua kazi hii. Macho yanachoka, mgongo unauma, na punje moja mbaya ikipita lawama ni yako.

Katika kampuni kubwa za Marekani, Ulaya na Japani, gemu moja huweza kufanywa na mamia ya watu. Studio nyingi za Afrika Mashariki ni ndogo. Watu watano au kumi hugawana kazi zote hizo, na mmoja huvaa kofia mbili au tatu. Tunalisema hili mapema ili mzazi aelewe kwamba nafasi ni chache, na wanaozitaka ni wengi.

WANAMWAJIRI MTU GANI?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ukitaka kumpa seremala kazi, unafanya nini? Humwombi cheti kwanza. Unatazama kiti alichokitengeneza, unakikalia, unaona kama miguu inayumba. Studio ya gemu inafanya hivyo hivyo. Inataka kuona kitu ambacho kijana amekitengeneza na kukimaliza kwa mikono yake. Cheti cha chuo husaidia, hasa kwa mwandishi wa programu, lakini cheti bila kazi ya kuonyesha ni kama seremala asiye na kiti. Na ndiyo maana nafasi hiyo haiuziki. Mtu aliyepata kiti chake kwa hongo atajulikana siku ya kwanza, atakapoambiwa akae mbele ya kompyuta afanye kazi.

Tutoe mifano ya watu wa kweli.

Huko Kenya, kijana anayeitwa Wesley Kirinya alitoa gemu iitwayo The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Inahesabiwa miongoni mwa gemu za mwanzo za picha za pande tatu zilizotengenezwa Afrika kusini ya Sahara. Hakungoja nafasi itangazwe, alitengeneza kitu kwanza. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha studio ya Leti Arts, yenye watu Accra na Nairobi. Kwa hiyo mtu aliyeanza peke yake akawa mtu wa kuajiri wengine.

Huko Kamerun, Olivier Madiba alikuwa na wazo la gemu yake tangu mwaka 2003. Studio yake, Kiro'o Games ya Yaoundé, ilianzishwa mwaka 2013, na gemu yenyewe, Aurion, ikatoka mwaka 2016. Hesabu miaka hiyo. Ni miaka kumi na mitatu tangu wazo mpaka bidhaa.

Mfano wa tatu tunaomba msomwe polepole, maana unatuhusu zaidi. Wengi wetu tumeishi katika kambi za wakimbizi, au wazazi wetu waliishi huko. Lual Mayen ni mtu wa Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Aliona kompyuta, akaitamani. Mama yake aliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300, akamnunulia kompyuta ya mkononi. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji. Kijana alitembea saa tatu kwenda mahali penye umeme, na saa tatu kurudi. Alijifunza mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, inayohusu mkimbizi anayekimbia vita na kutafuta amani. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane. Baadaye alikwenda Marekani akaanzisha studio yake, Junub Games, na mwaka 2018 alipewa heshima katika sherehe kubwa ya tuzo za gemu huko Marekani.

Mama yule na mzee wetu wa Itaba wote wawili walikuwa maskini, na wote wawili walijinyima kwa ajili ya mtoto. Lakini mama alinunua chombo, na mzee aliuziwa neno. Chombo kilibaki mikononi mwa mtoto hata kama kazi isingepatikana. Neno liliondoka pamoja na aliyelisema.

NAMNA YA KUANZA UKIWA ITABA

Itaba hakuna studio ya gemu, na nyumba nyingi za vilimani hazina umeme. Hata hivyo yako mambo ya kufanya, na kijana anaweza kuyaanza leo. Tunaposema kijana tuna maana ya msichana pia. Kama msichana ndiye anayechota maji, anayetafuta kuni na kupika, wakati kaka yake amekaa na kompyuta, basi hatujampa nafasi sawa. Wazazi wagawe kazi za nyumbani.

1. Chagua fani moja. Kijana anayechora daftari zima darasani aende kwenye uchoraji. Anayependa hesabu na mafumbo aende kwenye programu. Anayepiga ngoma au gitaa afikirie sauti. Atajifunza kidogo cha kila fani, lakini awe na moja ya kutegemewa.

2. Anza na karatasi. Wabunifu wakubwa hujaribu sheria za mchezo kwa karatasi, kalamu na vijiwe kabla ya kugusa kompyuta. Tunga mchezo wa kutumia maharagwe kumi na karatasi moja. Wape wenzako wacheze. Kama hawaupendi kwenye karatasi, hawataupenda kwenye kompyuta. Kazi hii haitaki umeme.

3. Tumia vifaa vya bure. Iko programu iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani ili kufundisha watoto na vijana. Inatumika bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta, na unaweza kuchagua Kiswahili. Ukishaielewa, hamia Godot, ambayo ni chombo halisi cha kutengenezea gemu. Ni ya bure, ni ndogo, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta isiyo na nguvu nyingi. Kwa kuchora vitu vya pande tatu iko Blender, na kwa kukata na kuunga sauti iko Audacity. Nazo ni za bure. Studio nyingi hutumia Unity. Nayo ina toleo la bure kwa mwenye kipato kidogo, lakini inataka kompyuta yenye nguvu na data nyingi, kwa hiyo iwe ya baadaye. Mtu akikuuzia Godot au Blender, amekuuzia maji ya mvua.

4. Nunueni kompyuta kwa pamoja. Familia nne au tano zinaweza kuchanga, kama mnavyochanga katika vikundi vyenu vya kuweka akiba, mkanunua kompyuta moja iliyokwisha kutumika. Wekeni zamu iliyoandikwa. Ichajiwe kwenye umeme wa jua, au mahali penye umeme siku ya soko. Programu zipakuliwe mara moja mjini Gitega au Muyinga, zibebwe kwenye flashi, na kila mmoja anakili. Kabla ya kulipa, mpeleke mtu anayejua aiwashe na kuikagua, kwa sababu kompyuta mbovu nayo ni wizi wa namna yake.

5. Maliza kitu kidogo. Hapa ndipo wengi huanguka. Kijana huota gemu kubwa yenye miji na magari, anaifanya mwaka mzima, haiishi, anakata tamaa. Tengeneza bao. Tengeneza mchezo wa mtu anayepandisha gunia la kahawa kilimani bila kulimwaga. Kumaliza maana yake ni hii: gemu inafunguka, inachezeka, ina mwisho, na mtu mwingine anaweza kuicheza wewe ukiwa hupo. Gemu tatu ndogo zilizomalizika zina thamani kuliko moja kubwa iliyoishia njiani.

6. Wape watu wacheze, wewe nyamaza. Mtazame mchezaji anakwama wapi. Usimweleze. Andika, kisha urudi kurekebisha. Anayekasirika kwa kukosolewa hataweza kazi ya studio, maana huko kazi yako itakosolewa kila siku.

7. Fanya kazi na wenzako. Tangu mwaka 2009 yako mashindano ya dunia yaitwayo Global Game Jam, ambayo hufanyika kila mwaka mwezi wa Januari. Vikundi hutengeneza gemu kwa muda wa saa 48 tu. Vijana wanaweza kuiga mpango huo hata hapa: mwisho wa juma mmoja, kompyuta moja, mchoraji mmoja, mwandishi wa programu mmoja. Hapo watajifunza kugawana kazi na kumaliza kwa wakati.

8. Jifunze lugha. Kifaransa cha shule kitasaidia, lakini maelezo mengi ya vyombo hivi yako kwa Kiingereza, na studio za Kenya, Uganda na Tanzania huandikiana kwa Kiingereza. Kiswahili na Kirundi usiviache nyuma. Anayeweza kufasiri maneno ya gemu vizuri ana kitu ambacho wengine hawana.

KUOMBA KAZI

Kazi zilizomalizika ziwekwe mahali zinapoonekana. Uko ukurasa wa intaneti uitwao itch.io ambapo mtu huweka gemu yake bila malipo, na yeyote duniani anaweza kuicheza. Weka kazi mbili au tatu zilizo bora, si kumi. Kila moja iandikwe wazi wewe ulifanya nini na mwenzako alifanya nini. Anayedai kazi ya mwenzake atagundulika kwa swali la pili.

Halafu tafuta studio kwa majina yao. Nairobi pamesikika studio kama Leti Arts na Usiku Games, na Dar es Salaam Khanga Rue. Mwaka 2022 studio kadhaa za Afrika ziliungana katika kundi liitwalo Pan Africa Gaming Group. Huko Lagos, studio ya Maliyo Games, iliyoanzishwa mwaka 2012, imewahi kuendesha mafunzo kwa njia ya intaneti kwa vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Soma tangazo kwenye ukurasa wa studio yenyewe, usilisome kwenye simu ya mtu aliyekutana nawe sokoni.

Barua iwe fupi. Sema fani yako, weka mahali pa kuona kazi zako, eleza ni nini katika gemu zao unakijua na unaweza kuwasaidia wapi. Wakivutiwa, kwa kawaida watakupa kazi ndogo ya majaribio, kisha watakuhoji kwa simu au kwa kompyuta. Jaribio la saa chache ni jambo la kawaida. Wakikutaka ufanye majuma mawili bila malipo, na kazi hiyo wataitumia wao, hilo si jaribio tena. Uliza malipo.

Mara nyingi mlango wa kwanza huwa ni kazi ndogo: kujaribu gemu, kufasiri, kuchora vitu vichache kwa mkataba wa muda. Usiidharau, lakini usikae hapo miaka bila kupandishwa.

Anayekwenda nchi ya jirani ajue haki yake. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Itifaki hiyo inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi katika nchi nyingine na kwenda kuifanya. Lakini kibali cha kazi bado kinatakiwa, na kinaombwa katika ofisi ya serikali kwa kuonyesha mkataba wa kazi. Mkataba hutangulia, kibali hufuata. Mtu anayekuuzia kibali kabla hujapata mkataba amekigeuza kichwa kuwa miguu.

DALILI ZA MWIZI

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Studio ya kweli haizunguki vilimani ikitafuta watu wa kuwapa nafasi. Basi mkumbuke dalili hizi.

Anataka pesa ili akupe kazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada. Anayelipwa kwa kazi ni mfanyakazi. Akitakiwa alipe yeye, shaka iingie hapo hapo.

Haulizi umetengeneza nini. Hii ndiyo dalili kubwa. Mtu anayetafuta seremala bila kutaka kuona kiti hatafuti seremala.

Ana haraka. Nafasi inafungwa kesho, basi linaondoka usiku, usimwambie mtu.

Hataki karatasi, au anataka paspoti na kitambulisho chako abaki navyo. Hati zako zisitoke mkononi mwako kwa mtu wa namna hiyo.

UKISHAINGIA, NI KIWANDA

Kijana akipata kazi tutafurahi naye. Lakini tusimdanganye. Ndani ya studio kuna mwajiri na mwajiriwa kama ilivyo kwetu, na matatizo ni yale yale yaliyovaa nguo nyingine.

La kwanza ni saa za kazi. Gemu ikikaribia kutoka, watu hufanyishwa kazi mpaka usiku, juma baada ya juma. Mwaka 2004, huko Marekani, mwanamke mmoja ambaye mwenzi wake alifanya kazi katika kampuni ya Electronic Arts aliandika barua ya wazi kueleza jinsi watu walivyokuwa wakimalizwa na kazi ya kila siku bila malipo ya ziada. Wafanyakazi walikuwa wamekwenda mahakamani, na katika mwaka 2005 na 2006 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 30 kwa jumla. Kwa hiyo mkataba useme saa ngapi, na saa za ziada zinalipwa vipi.

La pili ni jina. Hapo zamani kampuni ya Atari haikuweka majina ya watu waliotengeneza gemu zake. Mfanyakazi mmoja, Warren Robinett, alificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya gemu yake Adventure, iliyotoka mwaka 1980, na kampuni haikujua. Watu husimulia kisa hiki kwa kicheko. Sisi tunakiona ni kisa cha mfanyakazi aliyelazimika kuiba kilicho chake. Katika kazi hii jina ndilo cheti, maana studio itakayofuata itauliza uliwahi kufanya gemu gani. Mkataba useme kwamba jina lako litaandikwa, hata ukiondoka kabla gemu haijatoka.

La tatu ni kuachishwa. Januari 2024 kampuni ya Microsoft ilitangaza kuwaachisha watu 1,900 katika idara zake za gemu kwa mara moja. Hao walikuwa mafundi hodari, na kampuni yao ni miongoni mwa zenye mali nyingi duniani. Ufundi peke yake haumlindi mtu.

La nne ni mashine. Waigizaji wa Marekani wanaotoa sauti na mienendo ya mwili kwa ajili ya gemu waligoma tangu Julai 2024, na mgomo ulikwisha mwaka 2025, kwa sababu kampuni zilitaka kutumia akili bandia kunakili sauti na miili yao. Mkataba useme wazi nani ana haki ya kutumia kazi yako, na kwa namna gani.

Na kinachomlinda mfanyakazi huko ni kile kile kinachomlinda hapa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba watu wa kompyuta hawahitaji sendika, kwa kuwa wao ni wasomi. Mwaka 2022 wajaribu wa gemu wa Raven Software, Marekani, walipiga kura wakaunda sendika. Januari 2023 wajaribu wapatao 300 wa ZeniMax wakafanya hivyo, na mwaka 2025 wakapata mkataba wao wa pamoja. Angalieni walioanza walikuwa nani: ni wajaribu, wachambuzi wa kahawa wa kiwanda kile, waliolipwa kidogo na kuhesabiwa wa mwisho. Karibu nasi zaidi, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa Nairobi wanaosafisha maneno na picha mbaya kwa ajili ya kampuni kubwa za mitandao na za akili bandia walikutana wakapiga kura kuunda sendika yao. Nao hukaa mbele ya kompyuta siku nzima.

TUNALOWAOMBA

Mzazi, usiuze shamba kwa ajili ya ahadi ya kazi. Ukiwa na kidogo cha kutoa, toa kwa ajili ya chombo, na toa pamoja na wenzako. Mpe mtoto wako saa mbili za jioni, na umwulize kila mwezi: umemaliza nini? Akikuonyesha, kaa uucheze mchezo wake, hata kama huuelewi.

Kijana, usiache kazi au masomo uliyonayo kwa kuitegemea hii peke yake. Nafasi ni chache. Lakini anayejua kuandika programu anaweza pia kufanya kazi ya kompyuta ya benki au hospitali. Anayejua kuchora anaweza kuchora matangazo na vitabu vya shule. Ufundi haupotei.

Na yeyote atakayepewa mkataba, wa Nairobi, Kigali au kwingine, auleta kwetu kabla ya kuutia sahihi. Ofisi ya sendika haitozi pesa kwa kuusoma. Kama umeandikwa kwa Kiingereza tutatafuta wa kuufasiri.

Mzee wetu wa Itaba hajarudishiwa faranga zake. Tumemsaidia kupeleka malalamiko, na tunaendelea kufuatilia. Mtoto wake hutumia kompyuta ya rafiki siku mbili kwa juma. Ameanza kutengeneza bao. Lilipofika kwetu lilikuwa na kosa: kila mzunguko mbegu moja ilipotea, na wazee waliolijaribu wakaligundua kabla ya vijana. Amesema atalirekebisha na kulirudisha katika mkutano ujao. Wanaojua kucheza waje, wakae nalo, wamwambie ukweli.

Umoja ni nguvu.